Moyo Unaodunda si Adui Wako

Jinsi mazoezi ya mwili yanavyotuliza hofu, na mambo yatendekayo ndani ya ubongo



Mtazameni mwanafunzi asubuhi ya mtihani mkubwa. Amejifunza miezi mingi, na mambo anayajua. Lakini karatasi ya maswali inapowekwa mbele yake, viganja vyatoka jasho, kinywa chakauka, tumbo lasokota, na moyo wadunda kama ngoma. Mtazameni na mama aliyelala usiku. Nyumba ni kimya, watoto ni wazima, wala hakuna mwizi mlangoni; hata hivyo ghafula pumzi yamkatika, mikono yatetemeka, naye ajiambia: «Leo nakufa.» Kulipokucha ampasha jirani habari, na jirani amjibu kwamba amerogwa. Mwingine amwambia kwamba moyo wake umeharibika, asiinue tena hata ndoo ya maji.

Majibu hayo mawili yamewatesa watu wengi. La kwanza latia uadui kati ya jamaa na majirani. La pili lamfunga mtu kitini, mpaka miguu yenyewe inasahau kazi yake. Lakini liko jibu la tatu, ambalo wenye elimu ya mwili wamelichunguza kwa zaidi ya miaka mia moja: hofu ni maandalio ya kukimbia, na mwili unaozoezwa kukimbia hujifunza pia kutulia. Jibu hilo ndilo tutakalolieleza leo.

Hofu ni nini?

Hofu yenyewe si ugonjwa. Mtu akikutana na nyoka njiani, hana nafasi ya kukaa na kufikiri. Yampasa aruke au apige. Walter Cannon, mwalimu wa chuo kikuu cha Harvard huko Marekani, alichunguza jambo hilo kwa kutazama paka. Aliona kwamba paka akitishwa, tumbo lake huacha kusaga chakula. Mwaka 1911, yeye na mwenziwe walipima damu ya paka waliobwekewa na mbwa, wakaona imetiwa dawa kali itokayo katika tezi mbili ndogo zilizo juu ya mafigo. Dawa hiyo ndiyo tunayoiita adrenalini. Mwaka 1915 Cannon aliyakusanya mambo hayo katika kitabu, akaonyesha kwamba yote yana shabaha moja: kumtayarisha mnyama kupigana au kukimbia.

Fikirini jinsi maandalio hayo yalivyopangwa vizuri. Moyo wapiga kwa haraka ili damu ifike upesi katika miguu na mikono. Pumzi zaongezeka ili hewa isipunguke. Ini latoa sukari iwe chakula cha misuli. Jasho latoka ili mwili usiungue kwa joto la kukimbia. Tumbo lasimama, kwa maana si wakati wa kusaga muhogo wakati chui yu karibu. Baada ya adrenalini hufuata dawa nyingine ya tezi zile zile, iitwayo kortizoli, ambayo haina haraka kama ya kwanza, lakini hukaa muda mrefu zaidi katika damu.

Basi nyoka akiisha kwenda zake, yote hutulia. Taabu huanza pale ambapo hakuna nyoka. Mwanafunzi hawezi kuikimbia karatasi ya mtihani. Baba aliyekosa fedha za kulipia shule hawezi kuupiga ngumi mwisho wa mwezi. Mwili wao waandaliwa kwa mbio, lakini wao wamekaa kitini. Jambo hilo likirudiwa kila siku, ubongo huzoea kuwa macho daima, kama mlinzi ambaye hakupewa zamu ya kulala. Hapo twasema mtu ameshikwa na wasiwasi: ni hofu iliyopoteza nyoka wake.

Mtego wa kukaa kimya

Sasa angalieni jinsi mtego unavyojifunga. Mtu aliyepatwa na hofu ya ghafula huanza kuogopa si chui wala nyoka, bali moyo wake mwenyewe. Akipanda kilima na moyo ukadunda, adhani mauti imefika. Kwa hiyo aacha kupanda vilima. Kisha aacha kwenda soko la mbali, na baadaye hata kucheza na watoto. Kwa kuwa hatembei, misuli yapoteza nguvu. Na kwa kuwa misuli imelegea, kazi ndogo tu yatosha kuufanya moyo udunde. Hivyo kadiri anavyojihurumia, ndivyo anavyozidi kuogopa.

Hata wataalamu walichangia kosa hilo. Mwaka 1967 waganga wawili wa Marekani, Pitts na McClure, walitangaza kwamba walitia laktati katika mishipa ya watu wenye wasiwasi mkali, na wengi wao wakashikwa na hofu kuu. Laktati ni kitu ambacho misuli yenyewe hukitoa mtu anapofanya kazi nzito. Kwa hiyo wengine wakahofu: ikiwa laktati yaleta hofu, basi mbio zitawadhuru wagonjwa hawa, heri wapumzike. Shauri hilo lilionekana kuwa la busara. Lakini kitu kutiwa kwa sindano si sawa na kitu kutoka chenyewe katika mwili unaofanya kazi yake ya kawaida.

Jaribio la Göttingen

Mwaka 1998 waganga wa mji wa Göttingen, Ujerumani, walitangaza jaribio lililostahili kuangaliwa. Walichukua wagonjwa 46 waliokuwa wakishikwa mara kwa mara na hofu ya ghafula, wakawagawa makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa mazoezi ya kukimbia. La pili lilipewa dawa iitwayo klomipramini, inayojulikana kwa kupunguza hofu ya namna hiyo. La tatu lilipewa vidonge visivyo na dawa yo yote ndani yake. Waliendelea hivyo kwa majuma 10.

Mwishowe, waliokimbia walikuwa wamepona zaidi kuliko wale wa vidonge vitupu. Mbio hazikuwaua, bali ziliwasaidia. Hata hivyo yafaa tuseme ukweli wote: dawa ilifanya kazi mapema zaidi na kwa nguvu zaidi kuliko mbio. Tena, karibu mtu mmoja katika kila watatu wa kundi la mbio aliacha kabla ya mwisho, lakini katika kundi la dawa hakuacha hata mmoja. Hapo twajifunza mambo mawili. Mazoezi ni dawa ya kweli. Nayo ni dawa inayotaka uvumilivu, kwa maana haimezwi kwa maji.

Kwa nini mbio zilisaidia? Sababu ya kwanza yafahamika hata bila vyombo vya kupimia. Mgonjwa aliyekimbia aliusikia moyo wake ukidunda, jasho likimtoka, pumzi zikienda mbio. Ndizo dalili zile zile alizoziogopa usiku. Lakini mara hii alijua zilikotoka, na baada ya kupumzika kidogo akaona zote zimetulia. Akirudia hivyo mara kumi, mara ishirini, ubongo wafundishwa somo ambalo maneno hayawezi kulifundisha: moyo unaodunda si adui, ni mtumishi afanyaye kazi yake.

Ndani ya ubongo

Sababu ya pili yapatikana katika ubongo wenyewe. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo moja na nusu hivi, na chembe zake ni maelfu ya mamilioni. Chembe hizo hazigusani kabisa. Kati ya moja na nyingine pana mwanya mdogo sana. Je, habari yavukaje mwanya huo?

Otto Loewi, mganga wa mji wa Graz katika Austria, alipata jibu mwaka 1921, na shauri la kufanya jaribio lenyewe lilimjia usingizini. Alitwaa mioyo miwili ya vyura iliyokuwa ingali ikipiga. Akausisimua mshipa wa fahamu wa moyo wa kwanza, nao ukapiga polepole. Kisha akachukua maji yaliyouzunguka moyo huo, akayamimina juu ya moyo wa pili. Na huo wa pili nao ukapunguza mapigo, ingawa mshipa wake haukuguswa. Ilidhihirika basi kwamba mishipa ya fahamu hupelekeana habari kwa dawa zinazotoka katika ncha zake. Mwaka 1936 Loewi na Henry Dale wa Uingereza walipewa tuzo ya Nobel kwa elimu hiyo. Tangu hapo dawa nyingi za namna hiyo zimejulikana: nyingine huamsha, nyingine hutuliza, nyingine hutia furaha au hamu ya kazi.

Huenda mmekwisha kusikia kwamba mtu akikimbia hupata raha kwa sababu ya endorfini. Asili ya habari hiyo ni hii: mwaka 1975, huko Aberdeen katika Uskoti, John Hughes na Hans Kosterlitz walipata katika ubongo wa nguruwe vitu vinavyofanya kazi kama afyuni, yaani vinavyotuliza maumivu. Watu wakafikiri mara moja kwamba ndivyo vinavyomfurahisha mkimbiaji. Lakini mwaka 2021 wataalamu wa Hamburg, Ujerumani, waliwajaribu watu 63. Waliwapa wengine dawa inayozuia kazi ya endorfini, na wengine kidonge kitupu, kisha wakawakimbiza kwa dakika 45. Wote wawili, aliyezuiwa na asiyezuiwa, walipata furaha, na wasiwasi ukapungua. Endorfini basi haikuwa ufunguo. Kilichoongezeka katika damu yao ni vitu vingine ambavyo mwili hujitengenezea, vyenye jina refu la endokanabinoidi, kwa kuwa vyafanana kwa kazi na vile vilivyomo katika bangi. Kijana asidanganyike hapa: bangi yenyewe yaweza kumzidishia mtu wasiwasi, hata kumvuruga akili; lakini kile ambacho mwili wajipimia wenyewe kwa mbio huja kwa kiasi chake.

Kitu kingine ni dawa ya kutuliza iitwayo GABA. Hiyo ni kama breki ya baisikeli: chembe inayowaka moto kupita kiasi huzuiwa nayo. Mwaka 2013 wataalamu wa chuo kikuu cha Princeton, Marekani, waliweka panya wadogo katika vizimba. Wengine walipewa gurudumu la kukimbilia, wengine hawakupewa. Baada ya majuma 6 waliwatia wote katika maji baridi kwa kitambo. Katika ubongo wa panya waliokaa tu, chembe za mahali panapohusika na wasiwasi ziliamka kwa nguvu. Katika ubongo wa wakimbiaji chembe hizo zilikaa kwa utulivu zaidi, kwa maana GABA ilitolewa kwa wingi ikazizuia. Gurudumu halikuwaondolea panya maji baridi; liliwapa breki nzuri zaidi.

Hata umbo la ubongo hubadilika. Ndani yake kuna sehemu iitwayo hipokampo, ambayo hutunza kumbukumbu na husaidia kupunguza kortizoli. Wasiwasi wa siku nyingi huidhoofisha. Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya jaribio la Marekani lililofanywa kwa wazee 120. Nusu yao walitembea kwa haraka, dakika 40, siku tatu kwa juma, mwaka mzima. Wengine walijinyosha viungo tu. Wapimaji walipotazama ubongo wao kwa mashine, hipokampo ya watembeaji ilikuwa imeongezeka kwa sehemu 2 katika 100, lakini ya wenzao ilikuwa imepungua kama ilivyo desturi ya uzee. Yasemekana kwamba moja ya sababu ni protini iitwayo BDNF, ambayo ni kama mbolea kwa chembe za ubongo, na ambayo huongezeka kwa mazoezi.

Na misuli nayo ina kazi ya kusafisha. Mwaka 2014 wataalamu wa Stockholm, Uswidi, walionyesha katika panya kwamba misuli iliyozoezwa huibadilisha kinurenini, kitu kinachoongezeka wakati wa taabu na kinachoweza kuudhuru ubongo, ikawa kitu kingine kisichoweza kuingia ubongoni. Tulizoea kufikiri kwamba misuli ni ya kubebea mizigo tu. Kumbe yalinda hata akili.

Isidhaniwe kwamba wazo la kuutibu moyo wenye uzito kwa njia ya mwili ni geni. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, alipotaja dawa za huzuni, hakutaja machozi, marafiki na kuutafakari ukweli tu. Alitaja pia usingizi na kuoga. Yeye alijua kwamba mtu si roho iliyofungwa katika gunia.

«Lakini mimi nalima kutwa!»

Hapa mama mmoja atauliza kwa haki: «Mwalimu, mimi naamka kabla ya jua, nalima, nabeba kuni na maji, natwanga. Mbona wasiwasi haujanitoka?» Swali hilo halistahili kupitwa.

Mwaka 2017 wataalamu walikusanya uchunguzi mwingi wa nchi mbalimbali, wakatenganisha namna za kuutumia mwili. Waliona kwamba michezo, matembezi ya starehe na hata kwenda kazini kwa miguu vyafuatana na afya njema ya akili. Lakini kazi nzito ya kujipatia riziki haikuonyesha faida hiyo. Yaelekea sababu si misuli peke yake. Mwenye kucheza amejichagulia mwenyewe, yu pamoja na wenzake, naye hupumzika atakapo. Mwenye kubeba mzigo kwa sababu watoto watalala njaa asipoubeba, huyo hana uchaguzi wala pumziko. Mwili wake watembea, lakini hofu yake yatembea pamoja naye.

Kwa hiyo tusimwambie mama aliyechoka akimbie tena jioni. Dawa yake ni kupunguziwa mzigo. Baba na vijana wa kiume wachukue ndoo na shoka, naye apate saa moja ya kutembea na wenzake kwa mazungumzo, au kucheza ngoma kwa furaha. Baba anayekaa ofisini au katika gari siku nzima, huyo ndiye anayehitaji jasho. Hivyo mzigo ukigawanywa sawasawa nyumbani, wote wawili watapona kwa tendo moja.

Jinsi ya kuanza

Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2020, lawataka watu wazima wautumie mwili kwa nguvu za kiasi dakika 150 mpaka 300 kila juma. Watoto na vijana wa miaka 5 hata 17 wahitaji dakika 60 kila siku. Haitakiwi saa wala mashine. Nguvu za kiasi ni zile ambazo mtu aweza kuongea anapotembea, lakini hawezi kuimba.

Aanzaye aanze kwa kidogo: dakika 10 za kutembea kwa haraka, siku tano kwa juma, kila juma aongeze dakika chache. Amtafute mwenzake, kwa maana aliyeahidiana na rafiki hubaki kitandani kwa shida. Achague anachokipenda: mpira, baisikeli, kuruka kamba, ngoma. Mwenye kuuogopa moyo wake apande kilima mpaka udunde, kisha asimame na kuutazama kwa utulivu unavyorudi pole pole. Afanye hivyo kila siku, bila kukimbilia kiti.

Kwa walimu wenzangu na kwa wazazi nina neno moja. Ni desturi katika shule nyingi kufuta michezo mwaka wa mtihani wa mwisho, ati wanafunzi wapate saa nyingi za kusoma. Twawanyima dawa siku wanapoihitaji kuliko zote. Saa ya mpira haikuibwa katika masomo. Yarudisha usingizi, yatuliza hofu, na yasaidia kumbukumbu. Na asubuhi ya mtihani, mwanafunzi atembee kwa haraka kiasi cha robo saa kabla ya kuingia kalasini, badala ya kuketi ukutani akihesabu aliyoyasahau.

Mipaka ya dawa hii

Kila dawa ina mipaka. Moyo waweza kudunda kwa sababu ya upungufu wa damu, homa, tezi ya shingo au ugonjwa wa moyo wenyewe. Kwa hiyo mwenye maumivu ya kifua akitembea, mwenye kuzimia, mwenye mimba yenye matata, na mwenye ugonjwa wa damu uitwao SS, wote hao wamwone daktari kwanza. Mtu asiyelala majuma mengi, asiyekula, au anayewaza kujiua, asiachwe peke yake wala asiambiwe tu «nenda ukakimbie». Apelekwe hospitalini siku ile ile. Mwenye kutumia dawa za daktari asiziache kwa sababu ameanza mazoezi.

Tena, iko hofu yenye sababu ya kweli. Waliokimbia makwao mashariki mwa Kongo kwa ajili ya vita hawakuzua chui wao. Matembezi hayanyamazishi bunduki, wala hayarudishi shamba. Hao wahitaji amani, chakula na watu wa kuwasikiliza. Lakini hata katika kambi, watoto wanaopata uwanja na mpira wapewa angalau saa moja ambamo moyo wadunda kwa furaha, si kwa hofu.

Basi, ndugu wasomaji, jirani akija asubuhi na kusema kwamba usiku moyo ulimdunda mpaka akadhani atakufa, msimtafutie mchawi, wala msimkalishe kitini kama yai. Msindikizeni kwa daktari apimwe. Na daktari akisema moyo ni mzima, mchukueni jioni mtembee naye, leo mpaka kisimani, kesho mpaka kilimani. Haba na haba hujaza kibaba.